Jaza Mikono, Kata

Morotonga, Mugumu
20 Machi 1994

Kaka Ashrafu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukiwa juu ya ardhi na si chini yake. Sisi hatujambo. Idd imepita salama, na pilau ilitosha watu wote kwa sababu wewe hukuwepo. Mama anakusalimu na anauliza kama huko mnapika au mnatafuna mawe. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, na wote wawili wana sura kama yako. Mimi mwaka huu nimepewa Kiswahili darasa la tano, watoto sitini na tisa kwenye madawati kumi na mawili. Baba hajambo, anapumzika pumzika.

Sasa nikuambie lililonifanya nichukue kalamu. Sadick wa mashine ya kusaga ameleta posa, Baba amekubali, na mimi nimekubali kabla ya Baba ingawa nilijifanya nafikiria. Nikaha ni Jumapili tarehe 2 Oktoba. Nataka uwepo. Sina kaka mwingine, nina wewe tu, na Mungu hajaniambia kama kuna wa akiba.

Nilimwambia Baba. Akanijibu, "Nyumba ni yake. Lakini anajua mlango wake unavyofunguliwa."

Nawe unajua. Nyumba nyingine mtoto akikosa anachapwa, anasahau, anakosa tena. Kwa Baba yetu, Fundi Hamidu, mtoto akikosa anatunga ubeti. Baba alikuja bara kutoka Pangani na robota la vitambaa na sheria hiyo moja, na Mama, ambaye ni Mwikoma wa huku huku, hadi leo anashangaa watu wanaoomba msamaha kwa hesabu. Ulipolamba sukari ya Idd ulikuwa na miaka minane, ukasimama mlangoni na midomo imeganda, ukasema:

Sukari nimeilamba, Baba nipe samahani

Baba akacheka mpaka akajichoma sindano. Sasa una miaka ishirini na saba. Mwezi wa sita mwaka jana mligombana na Baba kuhusu machimbo, ukatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga, ukaacha suruali ya mkuu wa shule kwenye cherehani ikiwa na mguu mmoja. Mkuu huyo ndiye bosi wangu, na kila akiniona anatazama miguu yake. Halafu Desemba ukaleta barua ya mistari mitatu, "Baba nisamehe kwa yaliyotokea." Baba aliikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza ya kukatia. Nashukuru, meza haiyumbi tena.

Kwa hiyo tunga ubeti mmoja. Mishororo minne, vina na mizani. Na usinifanyie ule mzaha wa mizani ya kupimia dhahabu, kila aliyewahi kufika machimboni ameshaufanya. Mpe jibu Teresia muuza dagaa, anakuja huko kila siku ya mnada.

Dada yako anayekuvumilia,
Mwanne


Machimboni, upande wa Nyamongo
29 Aprili 1994

Mwalimu Mwanne, bi harusi mtarajiwa,

Waalaykum salaam. Barua yako imenifikia ikinuka dagaa kiasi kwamba Mniko, mwenzangu wa kwenye duara, alidhani nimeletewa kitoweo. Usinilaumu kwa kuchelewa. Teresia alipotelea minada ya Sirari, mpakani, wiki tatu, na akirudi kutoka huko anaongea Kiswahili cha Kenya mpaka umkumbushe kwao ni wapi.

Mimi ni mzima wa afya. Waambie wote, mzima kabisa. Duara letu, yaani shimo tunalochimba, lina kina cha mita arobaini. Tunashuka asubuhi na mitarimbo, tunapanda jioni weupe kwa vumbi kama waliokufa wakaghairi. Dhahabu ipo. Imekaa jirani na tulipo, kila siku jirani, na Mniko anasema ingekuwa mwanamke angeshaacha kumfuata.

Hongera kwa Sadick. Ni mtu mwema, ingawa kwa unga ule sijui kama nimewahi kumwona sura. Siku ya harusi mwosheni vizuri, usije ukaolewa na mtu mwingine.

Nimekuwekea picha niliyopiga studio Tarime. Koti ni la mwenye studio, usimwambie Mama.

Ubeti huu hapa. Nimejaza mikono kila kipande kama Baba alivyotufundisha, mara mbili mbili, nimeketi juu ya jiwe, hakuna aliyenisaidia.

Baba naja kusema, nimekosa nyumbani
Niliondoka nyuma, suruali mezani
Moyo wangu wauma, niliko machimboni
Nisamehe kwa wema, nirudi mlangoni

Umeona? Suruali imo. Mpe mzee ausome polepole akiwa ameshiba. Halafu andaa kitanda changu na umwambie mbuzi mwenye sura yangu asizoee sana.

Kaka yako, mshairi,
Ashrafu


Morotonga, Mugumu
18 Mei 1994

Kaka mshairi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Mvua imeng'oa mabati mawili ya jikoni. Mama ameibandika picha yako ukutani, akasema umekuwa mheshimiwa. Mimi nimesema mkono wa kushoto umeuweka mfukoni kama diwani anayeficha kitu. Baba aliishika kwa muda mrefu, akauliza, "Amekonda?" Nikamwambia koti ni kubwa, haionekani.

Ubeti nimemsomea baada ya kushiba, kama ulivyoagiza. Nilisoma mshororo wa kwanza. Akainua kiganja. Unakijua kile kiganja. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. Akasema, "Huyu ananiletea nguo fupi." Basi, kikao kikaisha, sikufika hata kwenye suruali.

Nikaenda chumbani nikahesabu. Kaka, kila mshororo una mizani kumi na nne. Yote minne! Ningekuwa nimeelewa kama mmoja una kumi na tatu na mwingine kumi na saba, maana mlevi angalau hukosea tofauti tofauti. Wewe umekosea kwa nidhamu. Umekata nguo nzima inchi ile ile fupi.

Sasa kwa kuwa nalipwa kufundisha watoto wa wenzetu, ngoja nikufundishe na wewe bure. Mizani ni hesabu ya silabi katika mshororo. Silabi ni kila pigo ambalo mdomo unalitoa kwa mkupuo mmoja. Su-ka-ri, mapigo matatu. M ya mlangoni husimama peke yake, kwa hiyo m-la-ngo-ni ni manne, na hapo nakupongeza, hukuisahau. Mshororo una vipande viwili, cha kwanza ukwapi, cha pili utao. Katika nyumba hii kila kipande ni nane, jumla kumi na sita. Su-ka-ri-ni-me-i-la-mba, nane. Ba-ba-ni-pe-sa-ma-ha-ni, nane. Ulipokuwa na miaka minane ulijua. Kazi ya mizani ni kulijulisha sikio mguu utatua wapi. Mshororo wako wa kwanza ni kama kushuka ngazi ukadhani kuna kipandio kimoja zaidi. Baba alikikosa, akainua mkono.

Mwenyewe hakutufundisha kwa maneno mengi hivi. Unakumbuka. Mikono yote miwili juu ya meza, magumba yamekaa pembeni kwa sababu gumba ni msimamizi, hahesabiwi. Unaanza kidole kidogo cha kushoto, unagonga silabi moja kwa kila kidole, unamaliza kidole kidogo cha kulia. Hakuwahi hata kutamka "nane". Alisema, "Jaza mikono, kata." Mikono ikijaa, kipande kimekwisha. Mtoto wa miaka minne aliweza.

Rudia. Na cherehani yako ipo ilipokuwa, Baba hataki mtu aiguse. Anaifunika kila jioni kwa ile kanga ya Mama.

Mwanne


Machimboni
30 Juni 1994

Mwanne,

Salaam. Mimi mzima. Mvua huku ilijaza maji kwenye duara, tukakaa siku kumi na moja tukitazamana. Mniko amenifundisha Kikurya cha kutukania, kimenisaidia sana kuisoma barua yako.

Nimekusikia, mwalimu. Silabi, ukwapi, utao. Sasa na mimi nikufundishe kitu. Hapa kuna akina mama wanaoponda mawe, wamekaa mstari mzima, kila mmoja na kinu chake cha chuma. Wanaimba. Hakuna anayehesabu. Mmoja anaanzisha, wote wanashusha mchi pamoja, na wimbo unatembea kuanzia asubuhi hadi jua linapozama bila kujikwaa. Nikamuuliza Waisiko, ambaye ndiye huanzisha, "Mama, mapigo mangapi kwa mstari?" Akanijibu, "Mwanangu, mpaka jiwe lipasuke." Hiyo ndiyo mizani. Haikutoka Pangani, na wala hakuna anayefungiwa nje ya nyumba kwa sababu yake.

Nami kuhesabu nimehesabu! Unafikiri mimi ni mbuzi? Nimejaza mikono kama alivyotufundisha. Nilifumba macho, nikagonga, mikono ikajaa, nikakata. Nimerudia mbele ya Mniko. Imejaa. Labda huko nyumbani sheria imebadilika tangu niondoke. Baba akitaka kumfungia mtu mlango hawezi kukosa kufuli. Kama hanitaki aseme hanitaki, asijifiche nyuma ya mapigo mawili.

Na wewe nikuulize. Tangu lini Baba anasomewa? Mzee aliyekuwa anaona uzi mweupe kwenye kanzu nyeupe, akiwa kibarazani na kanzu ikipita barabarani? Au unamsomea unavyotaka wewe?

Huu hapa wa pili na wa mwisho. Akiinua kiganja, mwambie nimekiona kutoka huku.

Baba nimeshachoka, niambie ukweli
Kama nimefutika, sema wazi kauli
Sindano nakumbuka, na mkasi mkali
Harusi ikifika, nisikae kwa mbali

Ashrafu


Morotonga, Mugumu
9 Agosti 1994

Kaka Ashrafu,

Assalaam alaykum. Nimekaa na barua yako wiki nne. Wiki ya kwanza nilikuwa nimekasirika. Wiki ya pili nilikuwa nasahihisha mitihani, na hasira yako nikaimalizia kwa watoto wa watu, Mungu anisamehe. Mama hajambo. Nguo ya harusi imekatwa, bado kushonwa. Sadick amenunua viatu ambavyo anavivaa ndani ya nyumba yake mwenyewe, anajizoeza.

Nitakuambia nilichofanya kisha unitukane kwa hicho Kikurya chako. Nilihesabu ubeti wa pili. Kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne. Nikaona huyu mtu amerogwa na namba, na Oktoba inakuja. Nikachukua kalamu nikakurefushia. Ulipoandika "Baba nimeshachoka, niambie ukweli," mimi nikaweka:

Baba sasa nimechoka, basi niambie kweli

Kumi na sita, safi, hata mkaguzi wa shule asingeona. Nikamsomea Baba ubeti mzima kwa sauti ya kukuigiza. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuinua kiganja. Nikaanza kufurahi. Kisha akasema, "Hiyo 'sasa' ni yako. Hiyo 'basi' ni ya jirani. Mwanangu hashoni viraka hivi. Lete aliyoandika yeye."

Nikalia, Kaka, nikamwambia ni fupi, zote ni fupi, utamkataa. Akasema, "Lete."

Akaweka mikono miwili juu ya meza ya kukatia, magumba pembeni. Nikasoma ukwapi wa kwanza taratibu, akawa anagonga. Ba, ba, ni, me, sha, cho, ka. Kidole kidogo cha kulia kikabaki hewani. Akasema, "Utao." Kikabaki hewani tena. Tukaenda hivyo ubeti wote, mara nane, na mara nane kile kidole kimebaki juu. Akaniambia nitafute na ule wa kwanza. Nao vivyo hivyo.

Nilidhani atakasirika. Aliuliza, "Anasema anahesabuje?" Nikamsomea maneno yako, nilifumba macho, nikagonga, mikono ikajaa, nikakata. Nikamsomea hata yale ya kufuli. Akakunja kidole kimoja cha mkono wake wa kushoto, akanyoosha vingine, akasema, "Soma." Nikasoma. Ikajaa. Akarudia. Ikajaa. Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, akaacha kupepeta.

Baba akauliza, "Mkono gani?"

Sikumwelewa. Nikamwambia, mkono gani nini? Akasema, "Muulize kaka yako. Mkono gani." Akainuka, akaenda akafunua cherehani yako, akakaa hapo mpaka adhana ya alasiri bila kushona chochote.

Usiku wa kuamkia leo nimeitazama tena ile picha yako. Mkono wa kushoto uko mfukoni.

Jibu. Usiniletee ubeti, usiniletee Mniko wala Waisiko. Nijibu swali la Baba.

Mwanne


Machimboni
28 Agosti 1994

Dada Mwanne,

Ni wa kushoto.

Kidole cha pete. Ilikuwa Novemba. Tulikuwa tunavuta jiwe kwa kamba, kamba ikalegea, jiwe likakaa, na mkono wangu ulikuwa pale linapokaa. Hakuna wa kulaumiwa. Mniko alinibeba mgongoni mpaka juu, mita zote arobaini, huku akinitukana nisilale. Zahanati walikimalizia kilichobaki. Nimebaki na tisa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, ila hawakusema kwamba tisa havivunji. Chawa bado nawavunja.

Sasa usicheke, au cheka, una haki. Wallahi sikujua kuhusu mizani. Unafikiri nakudanganya? Mtu anajua hana kidole kila akifunga kifungo, kila akiosha uso, kila mtoto akimtazama. Lakini nikifumba macho nikagonga, mimi siyo yule wa machimboni, ni yule wa sukari. Hakutufundisha namba, alitufundisha kujaza. Mikono ilijaa, nikakata. Uliponiandikia kumi na nne nilifikiri mnanifanyia hila, na sikutaka kuhesabu kwa namba kama mkaguzi, nilikuwa na kiburi. Barua yako ilipofika hapo kwenye "mkono gani" nilikuwa na Mniko. Nikaiweka chini, nikanyoosha vidole, nikatazama. Mniko akasema, "Mura, kijana wewe, una saba. Mimi nilikuona unahesabu nikadhani ndivyo Waislamu wanavyohesabu." Nilicheka, halafu nikaona nalia, na yeye akaanza kutengeneza kamba ambayo haikuwa imekatika.

Sikuwaambia kwa sababu unakumbuka neno la Baba tulipogombana. Alisema, "Vidole hivyo Mungu alivitengeneza kwa sindano, wewe unavipeleka kwenye mtarimbo. Utanirudishia vingapi?" Sasa nimrudishie hesabu? Fundi anashika kitambaa kwa mkono wa kushoto. Anakiongoza, anakivuta, anakilaza chini ya sindano. Nimejaribu hapa kushona suruali ya Mniko kwa mkono tu, imekwenda kama njia ya panya. Kila ukiniandikia kwamba cherehani ipo, kwamba anaifunika kwa kanga, nilikuwa naruka mistari hiyo. Ndiyo maana habari ya cherehani sikuwahi kukujibu.

Kwa hiyo harusini sitakuja. Siyo kwa hasira. Nitakuja kufanya nini, kushikana mikono na watu mia mbili? Sadick anatosha. Mwambie Baba alikuwa amesema kweli, na mimi sina ubeti wa kusema hivyo. Nikianza kutunga nitapunguza.

Wewe umemaliza kuniuliza. Mimi bado sijajibiwa. Kwa nini anasomewa?

Ashrafu


Morotonga, Mugumu
12 Septemba 1994

Kaka yangu Ashrafu,

Assalaam alaykum. Nimemwomba Teresia aje huko moja kwa moja, asipitie Sirari wala kwa shangazi yake. Amekubali, kwa sharti kwamba atakaa meza ya mbele siku ya harusi.

Na mimi nilikuwa na la kwangu nililolificha, na kwa kuwa wewe umetoa mkono mfukoni, ngoja nitoe. Baba haoni. Mtoto wa jicho, yote mawili. Ilianza kabla hujaondoka, alikuwa anajifanya. Siku ile alipokugombeza kwamba umekata mfuko upande, hukuwa umekata upande. Alikuwa haoni. Hospitali wamesema aende Musoma wakapange kumsafisha macho, naye anasema atakwenda akishanitoa nyumbani. Tangu Ramadhani hajashona. Anakata kwa kupapasa, na anakata vizuri kuliko wewe ukiwa na vidole vyote, lakini uzi namtungia mimi, na mstari wa cherehani unamponyoka. Alinikataza nisikuandikie. Alisema, "Asije kwa huruma, aje kwa ubeti." Ni mkaidi, nawe umeurithi ukaidi wote, mimi niliachiwa mizani peke yake.

Kwa hiyo usiniambie fundi hawezi. Baba hana macho, wewe huna kidole, mkikaa kwenye cherehani moja mtakuwa fundi mmoja mzima, na mdomo wa ziada. Yeye anashika kitambaa, wewe unatazama njia. Nguo yangu ya harusi bado imelala mezani kwa sababu hakuna aliyetaka ishonwe na mtu wa nje.

Barua yako nilimsomea yote. Nilipofika hapo pa kwamba alikuwa amesema kweli, aliinua kiganja. Akasema, "Hapana. Hiyo nilisema vibaya." Kaka, nina miaka ishirini na mitatu na sijawahi kusikia maneno hayo kwenye nyumba hii. Mama alisikia kutoka jikoni, akaja kuuliza nani anaumwa.

Kisha Baba akasema, kwa sheria ya nyumba, aliyekosa anatunga. Akaweka mikono juu ya meza, akakunja kidole cha pete cha kushoto, akakishikilia kwa gumba kisiinuke, akaanza kugonga. Alitunga asubuhi yote. Mimi niliandika. Mama alichuja chai ikapoa. Ubeti wake huu hapa, neno kwa neno:

Lete huo mkono, niushike mwanangu
Sitaki ya sindano, nakutaka u wangu
Vinane ni mfano, si sheria ya Mungu
Saba kwenye maneno, ndiyo mizani yangu

Nilihesabu mara tatu, kwa namba, kama mkaguzi. Nikamwambia, Baba, ni kumi na nne kila mshororo, nikuongezee? Akasema nikiongeza hata moja, na mimi nitatunga ubeti.

Mwanne

Sadick anasema viatu vyake sasa vimelainika. Njoo tarehe 30, kabla ya watu. Mlango wa mbele.